Je, Ni Halali Kuicheka Khofu ya Mwenzako?



Jumamosi moja ya Disemba, baridi ikiwa imetufungia ndani kama kawaida ya nchi hii, niliwakalisha wajukuu zangu wawili mbele ya televisheni niwaoneshe kitu nilichokipenda tangu nilipofika Uingereza: filamu fupi za Laurel na Hardy, yule mwembamba na yule mnene. Nikachagua ile ya mwaka 1930 iitwayo The Laurel-Hardy Murder Case, ambamo mabwana hao wanalazwa usiku mmoja katika jumba lenye upepo, radi na khabari za maiti. Mjukuu mkubwa, mwenye miaka kumi, alicheka mpaka akamwaga chai kwenye zulia la bibi yake. Mdogo, wa miaka sita, alitazama kwa dakika kama kumi, kisha akaiacha filamu akanitazama mimi. Akaniuliza: "Babu, wewe unacheka nini? Si wanaogopa?"

Nilimjibu majibu tunayowapa watoto tukiwa hatuna jibu, kwamba ule ni mchezo tu, kwamba wale ni waigizaji na walilipwa. Hakuridhika. Na mimi, tukisema kweli, sikuridhika vile vile. Suali lake nimetembea nalo tangu siku hiyo, na leo nalileta hapa barazani, kwa sababu naona si suali la watoto wala si la sinema peke yake.

Kwanza niwaeleze wasiozijua filamu zenyewe. Kabla ya sinema kupata sauti, majukwaa ya Marekani yalikuwa yamejaa michezo ya majumba ya kutisha: The Bat mwaka 1920, The Cat and the Canary mwaka 1922. Hadithi zake zilifanana kama watoto wa tumbo moja. Kuna jumba la mbali, kuna usiku wa dhoruba, kuna tajiri aliyekufa na wosia unaosubiri kusomwa, na kuna jamaa wanaotazamana kwa jicho la pembeni. Wachekeshaji hawakuchelewa. Harold Lloyd alitoa Haunted Spooks mwaka 1920, na Buster Keaton akatoa The Haunted House mwaka 1921. Lakini hizo zilikuwa sinema bubu, na katika sinema bubu mzimu hauna budi uonekane. Lazima avikwe shuka nyeupe mtu, au unga umwagike mtu ageuke mweupe, ndipo watazamaji wajue kwamba hapa pana jambo.

Ilipokuja sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, mzimu ukapata ruhusa ya kutoonekana. Mlango ukilia peke yake yatosha. Saa ya ukutani ikigonga, upepo ukipiga mluzi dirishani, mtu akipiga ukelele chumba cha tatu, kazi imekwisha. Mabwana wa studio wakaona pia kwamba jumba moja lenye giza halina gharama kubwa, na kwamba vyombo vya kunasia sauti vya siku zile, ambavyo havikupenda waigizaji wakimbiekimbie huku na huko, vinafaa sana kwa watu wanaojibanza chumba kimoja wakisikiliza. Walt Disney alitoa The Skeleton Dance mwaka 1929, mifupa ya makaburini ikicheza kwa muziki, na mwezi Disemba mwaka huo huo akamtia Mickey Mouse katika Haunted House, akilazimishwa kuipigia mifupa kinanda. Sisi tuliolelewa katika nyumba ambazo umeme ulikuja ukipenda hatuhitaji kuelezwa kwa nini sauti ilikuwa neema kwa biashara ile. Khofu huingia kwa sikio. Jicho huja baadaye kuthibitisha, na mara nyingi hukuta paka.

Sasa turudi kwa wale mabwana. Filamu inaanza gatini, wakivua samaki, mifuko yao mitupu. Hardy anaona katika gazeti kwamba mtu aitwaye Ebenezer Laurel amefariki na ameacha mali ya dola 3,000,000, na warithi wanatafutwa. Kumbukeni kwamba mwaka mmoja tu nyuma, Oktoba 1929, soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka, na walioketi katika kumbi za sinema walikuwa na sababu zao za kuota ami tajiri. Laurel hana hakika hata kama marehemu ni jamaa yake, ila kwa dola milioni tatu udugu hupatikana. Wanafika jumbani usiku wa mvua, wanawakuta warithi wengine, na mpelelezi anawatangazia kwamba mzee hakufa kifo chake, aliuliwa, na hatoki mtu mpaka kupambazuke. Kisha mmoja mmoja wanaitwa kwenda kuzungumza na simu, na kila anayekaa katika kiti kilichoko mbele ya simu ile, kiti kinapinduka naye anatumbukia chini asionekane tena.

Laurel na Hardy wao wamepewa chumba cha maiti mwenyewe. Wanapanda kitanda kimoja na nguo zao, wanajifunika gubigubi, na popo anaingia ndani ya shuka. Shuka inainuka, inaruka yenyewe, na jumba zima linapigwa na kiwewe. Nawaomba mumkumbuke popo huyu, nitamrudia.

Nilipoitazama tena filamu hii peke yangu, wajukuu wamelala, niliona jambo ambalo miaka yote lilinipita. Waoga wale wawili ndio wenye haki. Mpelelezi ana kofia, ana sauti nzito, ana amri ya serikali, na hajui lolote. Walio hodari wanakwenda kwenye simu na hawarudi. Wanaotetemeka chini ya shuka ndio pekee walioielewa nyumba ile ilivyo: nyumba ya mauti. Mzimu haukuwamo, hilo ni kweli, maana kila kitu kilikuwa kazi ya mtumishi wa jumba na mwenziwe aliyejivika nguo za bibi kizee. Lakini hatari ilikuwamo. Walikosea jina la kitu tu, hawakukosea kuogopa. (Mwisho wake waandishi walikimbia, wakafanya yote kuwa ni ndoto iliyootwa pale gatini. Hilo mimi naliona uvivu, lakini tuliache.)

Na ukizitazama nyingi za aina hii utakuta ni hivyo hivyo. Nyuma ya mzimu yuko mtu, na nyuma ya mtu kuna mali. Three Stooges waliirudia hadithi hiyo hiyo mwaka 1945 katika If a Body Meets a Body, na mpelelezi ni yule yule, Fred Kelsey, ambaye baada ya miaka kumi na tano alikuwa hajajifunza chochote.

Basi kama mwoga ana haki, mimi nilikuwa nacheka nini?

Wako watakaosema kwamba khofu ya mashetani ni ujinga, na ujinga dawa yake ni kuchekwa. Nimelisikia jibu hili kwa wasomi wetu wengi, na siku za ujana nililisema mwenyewe. Lakini halitoshi hata kwa filamu yenyewe, kwa sababu hatuwacheki wale wawili tukiwa juu yao. Mlango ulipolia, na mimi nilishtuka kitini. Simu ilipoita, na mimi sikujua kuna nini. Filamu ile inatutisha kwanza, japo kidogo, ndipo inatuchekesha. Na kicheko kinachotoka ni cha mtu aliyekuwa ndani ya nyumba pamoja nao na akagundua bado yu hai. Mtazamaji hajui zaidi ya anavyojua Laurel, na Laurel, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kujua mengi.

Hapa ndipo nikaikumbuka filamu nyingine, ya watoto. Studio hiyo hiyo ya Hal Roach ilikuwa na kundi la watoto lililojulikana kama Our Gang, weupe na weusi pamoja, jambo ambalo kwa Marekani ya siku zile lilikuwa geni. Mtoto mweusi aliyevuma zaidi miaka hiyo ni Allen Hoskins, aliyepewa jina la Farina, akaigiza tangu 1922 mpaka 1931. Kundi hilo lilitoa Moan and Groan, Inc. mwaka 1929, filamu ya sauti, watoto wakiingia katika nyumba mbovu ambamo amejificha mwendawazimu. Mwendawazimu huyo aliigizwa na Max Davidson, Myahudi mzaliwa wa Berlin, mhamiaji. Hiyo naiona ni sawa na ya Laurel na Hardy, kwani hatari ipo na inamfikia kila aliyemo, mweusi na mweupe, mpaka askari wa mtaa.

Lakini karibu miaka miwili kabla, Januari 1928, kundi hilo hilo lilitoa Spook Spoofing, filamu bubu. Hapo watoto wenzake wanamhadaa Farina. Wanamfanya aamini kwamba amemuua mwenzao kwa uchawi, na kwamba ni juu yake kwenda kumzika usiku makaburini. Wote wanajua kwamba ni uwongo. Watoto wanajua, watazamaji wanajua, mpiga picha anajua. Asiyejua ni mmoja, naye ndiye mweusi. Macho yanamtoka, miguu inamtetemeka, na ukumbi mzima unacheka.

Tazameni tofauti yake. Waigizaji ni watoto wa kundi lile lile, makaburi ni ya mbao na kadibodi kama ya filamu zote, na hapana aliyeumia. Lakini kicheko hiki kimejengwa juu ya kujua: sisi tunajua, yeye hajui, na kutojua kwake tunakufanya kuwa ni tabia ya ngozi yake. Na hakikuishia hapo. Willie Best, mwigizaji hodari mno wa kuchekesha, aliingia katika sinema miaka ya 1930 akiandikwa kwa jina la dhihaka lenye maana ya Kulala na Kula, na kazi aliyopewa mara nyingi ni hiyo hiyo ya kutoa macho na kutetemeka, mpaka katika The Ghost Breakers ya mwaka 1940 akiwa mtumishi wa Bob Hope. Bwana naye anaogopa katika filamu ile, lakini khofu ya bwana ni kwa sababu ya jumba, na ya mtumishi ni kama kwamba alizaliwa nayo. Kila nikimtazama Best namwona mtu anayejua kupima wakati wa mzaha kuliko aliyelipwa zaidi yake. Nacheka, kisha kicheko kinanikwama. Sijui niseme nini zaidi juu yake. Allen Hoskins mwenyewe aliiacha sinema, na katika utu uzima wake akafanya kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu.

Mpaka hapa ningeweza kulifunga jambo na kusema kwamba kicheko cha walioogopa pamoja ni halali, na kicheko cha anayejua juu ya asiyejua si halali. Ingelikuwa makala safi. Lakini ningelikuwa nimewaficha kitu, na kitu hicho ndicho kilichonifanya nisilale usiku wa siku ile mjukuu aliponiuliza.

Mwaka 1995 Popobawa alitoka Pemba akavuka Unguja. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na vijana waulize wazee wao, maana hekaya yenyewe si ya kuandikwa yote katika gazeti linalosomwa na familia nzima. Yatosha kusema kwamba watu walikuwa hawalali majumbani. Mitaa mizima ilitoka nje usiku, ikakoka moto, ikakesha pamoja, wanaume kwa wanawake na watoto. Ulikuwa ni mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi vya zama hizi, na watu walikuwa na mengine ya kuogopa ambayo hayakutajwa kwa jina.

Mimi nilikuwa hapa Uingereza, kijana wa makamo, nikipanga nyumba moja na wanaume wengine wanne wa kwetu. Simu ilikuwa ghali. Nilimpigia marehemu mama kwa jirani yake, Ng'ambo, na alipoitwa akaja akihema, akanambia kwamba wana siku ya tano wanalala nje, na kwamba mgongo unamuuma kwa kulalia mkeka. Wenzangu walikuwa wamenizunguka wakisikiliza. Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, mleteni huku huyo Popobawa, baridi itammaliza." Wenzangu wakaanguka kwa kicheko. Mzaha ulikuwa mzuri, hata leo nauona ulikuwa mzuri, na ndiyo shida yenyewe.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Haya baba, cheka. Wewe uko mbali."

Kisha akaniuliza kama nakula vizuri.

Niliamini mimi ndiye ninayejua na yeye ndiye asiyejua. Nimesoma, niko Ulaya, najua kwamba hakuna popo mwenye umbo la mtu. Lakini mwaka huo huo, pale pale mjini Unguja, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alipigwa na kundi la watu mpaka akafa, kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Khabari hiyo ilinifikia baadaye. Kwa hiyo hatari ilikuwamo kweli ndani ya nyumba ile. Mama yangu, kwenye mkeka wake, aliujua mji wake siku zile ulivyo kuliko nilivyoujua mimi. Alikosea jina la kitu, basi. Na aliyekuwa mpelelezi mwenye kofia, asiyejua lolote na anayesema kwa sauti nzito, alikuwa ni mimi.

Nimejaribu kujitetea. Nimejiambia kwamba nilicheka kwa kuwa nilikuwa na khofu mwenyewe, khofu ya mwana aliye mbali na mama yake ambaye hawezi kumfikia hata angelitaka. Huenda ni kweli. Kicheko cha wale wanaume watano kilikuwa kikubwa kupita mzaha wenyewe. Siku zile sote tulikuwa tunaogopa mambo ya aibu: barua kutoka ofisi za uhamiaji, mlango ukigongwa asubuhi na mapema, hata kujibu simu kazini, maana Kiingereza cha simu kilitushinda. Nilipokuja kusoma kwamba filamu ile ya jumba ilipigwa pia kwa Kihispania, Kijerumani na Kifaransa, na kwamba Laurel na Hardy walitamka wenyewe maneno ya lugha wasizozijua, wakiyasoma yalivyoandikwa kimatamshi, nilijiona mimi kiwandani mwaka wangu wa kwanza, nikikariri sentensi kabla ya kumkabili msimamizi, na watu wakicheka. Hata huyo Laurel alikuwa mhamiaji, mzaliwa wa Ulverston, kaskazini ya nchi hii hii, aliyekwenda Marekani mwaka 1910 katika kundi moja na Charlie Chaplin. Nilipochekwa kiwandani nilijua vizuri sana kwamba wanaonicheka wako mbali nami, ijapokuwa tumesimama mashine moja.

Lakini kujua hivyo hakukunizuia kumcheka mama. Hilo ndilo nisiloweza kulipatia hesabu. Mtu aliyechekwa ugenini angelitarajiwa awe wa mwisho kuicheka khofu ya waliobaki nyumbani, kumbe mara nyingi ndiye wa kwanza, apate kuonekana kwamba ameshatoka katika nyumba ile. Tusikilizeni sisi wenyewe katika maharusi yetu na vikao vyetu vya hapa, tunavyowasimulia wa kwetu na mambo yao ya pepo na waganga. Tunacheka kwa sauti gani? Na tukishafunga mlango usiku, wangapi kati yetu hatuna hirizi ndani ya sanduku, au kisomo tulichoagizia?

Sikupata kumwomba mama radhi kwa maneno. Lakini mwaka 2001 alikuja kututembelea, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Nyumba tuliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu, na mabomba ya kupashia joto yalikuwa na tabia ya kugonga usiku yakipoa: tak, tak, kimya, kisha tak. Sisi tulishayazoea. Usiku wa pili nilipita mlangoni kwake kiasi cha saa nane nikamwona amekaa kitandani, taa imewashwa, buibui begani, anasikiliza.

Nilijua ni mabomba. Ningeliweza kumwambia, na kesho yake nilimwambia, nikampeleka akayashika kwa mkono. Lakini usiku ule niliburura godoro la watoto nikalitandika chini, kando ya kitanda chake, nikajilaza.

"Na wewe unaogopa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Naogopa."

Akazima taa.